Jedwali la Rangi Katika Kompyuta

Picha ionekanayo katika skrini ya kompyuta ni mkusanyiko wa nukta ndogo, na rangi ya kila nukta huhifadhiwa katika kumbukumbu ya mashine. Mwaka 1987 kampuni ya IBM ilitoa mtambo wa michoro uitwao VGA, ulioweza kutoa viwango 64 vya nyekundu, 64 vya kijani na 64 vya buluu; yaani rangi 64 × 64 × 64 = 262,144. Lakini kumbukumbu ilikuwa ghali, hivyo nukta iliweza kupewa baiti moja tu, nayo haibebi zaidi ya namba 256.

Kwa hiyo namba iliyowekwa katika nukta haikuwa rangi yenyewe, bali namba ya mstari katika jedwali la rangi. Tuseme mstari wa 17 una nyekundu: nukta zote zenye namba 17 zitakuwa nyekundu. Mstari huo ukiandikwa buluu, nukta hizo zote hugeuka mara moja, ingawa hakuna hata moja iliyoguswa. Watunzi wa michezo waliipenda mno hila hii. Maji yalitiririka bila picha kuchorwa upya.

Taabu ilizuka programu mbili zilipokaa katika skrini moja, kwani jedwali lilikuwa moja tu. Programu ya kwanza yataka aina mia za kijani cha msitu, ya pili yataka rangi za machweo. Nani apewe?

Katika Windows 3.0, iliyotolewa na Microsoft mwaka 1990, mfumo wa uendeshaji ndio uliokuwa msuluhishi. Ulijitengea mistari 20 kwa ajili ya fremu na maandishi, ikabaki 236. Dirisha la mbele lilihudumiwa kwanza. Madirisha ya nyuma yalipata mistari iliyosalia. Ilipokwisha, yalipewa rangi iliyo karibu zaidi.

Ukaribu huo waweza kupimwa kwa kujumlisha miraba ya tofauti. Programu ikitaka (200, 100, 50), na jedwali lina (190, 110, 50) na (200, 100, 80), ya kwanza hutoa 100 + 100 + 0 = 200, ya pili 900. Basi ya kwanza huchaguliwa.

Mtumiaji alipolileta mbele dirisha la nyuma, zamu iligeuka na jedwali likaandikwa upya. Mfumo uliziarifu programu nyingine zijirekebishe. Ile iliyopuuza taarifa hiyo ilibaki na msitu wa zambarau.