Uvimbe wa Ugwe Mgongo Unaporudi: Jinsi ya Kupima Njia za Matibabu

Shabaha ya somo

Somo hili tumemwandalia mtu aliyekwisha kutibiwa uvimbe wa ugwe mgongo, naye sasa ameambiwa kwamba uvimbe umerudi. Tumewaandalia pia jamaa zake, kwa kuwa gharama na uangalizi wa ugonjwa huu huwa mzigo wa nyumba nzima.

Ugwe mgongo ni ule mkanda laini wa mishipa ya fahamu unaoshuka kutoka ubongoni, ukapita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo. Unene wake ni kama wa kidole kidogo cha mkono, na humo hupita amri za kutembea, kushika na kuzuia haja. Kwa sababu nafasi ni finyu, hata uvimbe usio saratani waweza kumlemaza mtu.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji aweze kuuliza kama kweli uvimbe umerudi, kulinganisha njia za matibabu zilizobaki, na kuamua kwa wakati. Jambo la mwisho tunalisisitiza kuliko yote. Nguvu aliyo nayo mgonjwa siku anapoingia chumba cha upasuaji ndiyo inayotabiri vizuri zaidi nguvu atakayobaki nayo baadaye. Anayeingia akitembea ana matumaini mema ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza kwa muda mrefu ni nadra kurejeshewa miguu yake.

Dalili zisizongoja

Kabla ya kupima lolote, tunatoa tahadhari. Miguu ikilegea ghafla au ikizidi kulegea siku hadi siku, mkojo ukigoma kutoka, haja kubwa ikitoka bila kujijua, au ganzi ikishika makalio na sehemu za siri, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Je, kweli umerudi?

Picha ya MRI iliyoonyesha kitu kipya haitoshi peke yake kuwa hukumu. Kovu la upasuaji wa kwanza na mabadiliko yaletwayo na mionzi huweza kufanana na uvimbe. Daktari huzitenganisha hali hizo kwa kuweka picha mpya kando ya picha za zamani, hasa ile iliyopigwa baada ya upasuaji wa kwanza, na kutazama kama kitu hicho kinakua. Kwa hiyo, uzitunze picha zote. Maelezo ya maandishi pekee hayatoshi.

Jambo la pili ni jina la uvimbe. Aina iitwayo ependimoma mara nyingi ina mpaka ulio wazi, hivyo mpasuaji huweza kuitoa yote. Lakini huweza kurudi hata baada ya miaka mingi. Astrositoma hujipenyeza katikati ya nyuzi za fahamu, na kuitoa yote bila kudhuru ugwe ni vigumu. Meninjioma na shwanoma huota nje ya ugwe na kuusukuma. Nazo kwa kawaida hukua polepole. Saratani iliyotoka kwingine, kama vile titi, tezi dume au pafu, na kukaa katika mifupa ya mgongo ina njia zake za matibabu, na somo hili haliihusu moja kwa moja.

Jina hilo hupatikana katika majibu ya maabara ya patholojia, pale kinyama kilipochunguzwa. Humo pia huandikwa daraja la uvimbe, kuanzia 1 hadi 4. Kadiri daraja linavyopanda, ndivyo uvimbe unavyokua kwa kasi. Uvimbe uliorudi waweza kuwa mkali kuliko ule wa awali, na kwa sababu hiyo daktari huenda akataka kinyama kipya.

Karatasi zilizo na thamani ya dawa

Tunamhimiza kila mgonjwa akusanye vitu vinne: majibu ya patholojia, maelezo ya upasuaji wa kwanza, picha zote za MRI, na muhtasari wa matibabu ya mionzi kama aliwahi kuyapata. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake. Omba nakala kwa maandishi, na uweke tarehe.

Muhtasari wa mionzi una uzito wa pekee. Dozi ya mionzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei, na ugwe mgongo una kikomo cha uvumilivu. Katika matibabu ya kawaida, yaani dozi ndogo ya kila siku kwa wiki tano au sita, madaktari hutoa jumla ya grei 45 hadi 54 kwa uvimbe wa aina hizi. Dozi ikipanda kufikia grei 60, hatari ya kuungua kwa ugwe huongezeka sana. Madhara hayo huchelewa kuonekana kwa miezi au miaka, na mara nyingi hayarudi nyuma. Ugwe huponyoka kwa kiasi fulani kadiri muda unavyopita, lakini hausahau kabisa. Daktari asiyejua dozi ya kwanza, mahali ilipoelekezwa na tarehe yake, hawezi kujua ni kiasi gani kimebaki.

Njia zilizopo

Kuangalia kwa karibu. Uvimbe ukiwa mdogo, unakua polepole, na mgonjwa hana dalili mpya, kungoja kwa mpangilio ni tiba halali. Huenda pamoja na ratiba ya MRI, uchunguzi wa nguvu za viungo, na makubaliano ya mapema kuhusu dalili gani itavunja subira hiyo. Kungoja bila ratiba ni kujiacha.

Upasuaji wa pili. Hufaa pale uvimbe unapoweza kutolewa wote au sehemu kubwa, na mgonjwa angali na nguvu. Upasuaji huu ni mgumu kuliko wa kwanza kwa kuwa makovu hushikamanisha ugwe na tishu za jirani. Maji ya uti wa mgongo yaweza kuvuja, kidonda chaweza kuingia vijidudu, na ngozi iliyowahi kupigwa mionzi hupona polepole. Uvimbe ukiwa ndani ya ugwe, wagonjwa wengi hupata ganzi au udhaifu zaidi mara baada ya kupasuliwa, kisha hupata nafuu kwa wiki au miezi. Jamaa waambiwe hilo mapema ili wasikate tamaa.

Mionzi. Hutolewa pale upasuaji usipoweza kuutoa uvimbe wote, au pale hatari ya kisu inapozidi faida. Asiyewahi kupigwa mionzi ana nafasi kubwa zaidi. Aliyewahi, aweza kufikiriwa tena baada ya muda wa kutosha kupita, hasa kwa mashine zinazoelekeza mionzi kwa usahihi mkubwa.

Dawa. Tibakemikali ina nafasi ndogo kwa uvimbe mwingi wa ugwe mgongo. Hutumiwa zaidi kwa astrositoma kali, au pale njia nyingine zimekwisha. Deksamethasoni hupunguza uvimbe wa tishu na maumivu kwa haraka, lakini haiondoi ugonjwa. Ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha sukari, kudhoofisha mifupa na kukaribisha maambukizi. Isiachwe ghafla bila maelekezo ya daktari.

Tiba shufaa na utengamao. Tiba shufaa hushughulikia maumivu, usingizi, haja na hofu ya moyo; huweza kwenda sambamba na upasuaji au mionzi, na kuipokea hakumaanishi kwamba madaktari wamekukatia tamaa. Mazoezi tiba nayo huanza mapema, maana mwili usiotumika hupoteza upesi nguvu iliyobaki.

Mfano wa kupima

Tuseme kuna watu wawili wenye ependimoma iliyorudi. Wa kwanza ni mwalimu wa miaka 45. Anatembea bila fimbo, hakuwahi kupata mionzi, na picha tatu mfululizo zinaonyesha uvimbe unakua huku mguu mmoja ukianza kuchoka. Kwake, kungoja kunakula nguvu ambayo haitarudi. Upasuaji unastahili kujadiliwa sasa, na mionzi ikabaki akiba.

Wa pili ni bibi wa miaka 74 mwenye maradhi ya moyo, aliyepata mionzi miaka minane iliyopita. Uvimbe wake haujabadilika kwa mwaka mzima, na haja yake kuu ni kulala bila maumivu na kujihudumia chooni. Kwake, kuangalia kwa karibu pamoja na tiba shufaa yaweza kuwa busara kubwa kuliko kisu. Ugonjwa una jina moja, lakini mizani imeelemea pande tofauti.

Funzo ni kwamba daktari huleta elimu ya hatari na faida, naye mgonjwa huleta elimu ambayo daktari hana: ni kitu gani asichokubali kukipoteza. Mmoja atasema mikono kwa sababu ni fundi cherehani. Mwingine atasema miaka ya kuwalea wanawe. Lisemwe wazi mbele ya daktari, na mgonjwa alisema mwenyewe, hata pale ukoo unapokutana kuamua.

Mahali, gharama na ahadi

Nchini Tanzania, upasuaji wa uti wa mgongo na mishipa ya fahamu hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), na mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road; zote ziko Dar es Salaam. Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo hutoa mionzi. Omba kesi yako ijadiliwe na jopo lenye mpasuaji, daktari wa mionzi na mtaalamu wa patholojia. Kutafuta maoni ya daktari wa pili hakumvunjii heshima wa kwanza.

Ulizia gharama yote kwa maandishi: vipimo, upasuaji, chumba cha uangalizi maalumu, damu, dawa, mazoezi tiba, na picha za ufuatiliaji. Ulizia bima yako italipia nini na kama inahitaji kibali cha awali. Anayeshauriwa kwenda nje ya nchi, kama India, amuulize wakala ni nani anayemlipa, na ni nani atakayemfuatilia mgonjwa akisharudi nyumbani.

Jihadhari na atangazaye dawa ya kuyeyusha uvimbe wa kila aina. Dawa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na mganga wa tiba asili awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Hata hivyo, usajili wa mganga hauthibitishi kwamba dawa yake inatibu uvimbe huu. Hasara kubwa mara nyingi huwa ile miezi iliyopotea, kuliko fedha.

Maswali ya kwenda nayo kliniki

1. Picha hii imelinganishwa na zipi za zamani, na tofauti ni nini?
2. Tusipofanya lolote kwa miezi sita, unatarajia nini?
3. Unaweza kuutoa wote? Usipoweza, kitakachobaki kitatibiwaje?
4. Nina uwezekano gani wa kutembea na kuzuia haja baada ya kila njia?
5. Nilipata grei ngapi, na zimebaki ngapi salama?
6. Umewahi kufanya upasuaji wa pili wa aina hii mara ngapi?
7. Ni dalili gani inirudishe hospitali kabla ya tarehe?

Zoezi

Chukua karatasi, uigawe safu tatu. Katika ya kwanza andika kila njia uliyoelezwa; katika ya pili, faida yake kwako; katika ya tatu, unachoweza kukipoteza. Chini ya karatasi andika tarehe ambayo utakuwa umeamua, ukiiafiki pamoja na daktari wako. Nenda kliniki na mtu mmoja unayemwamini, naye aandike majibu wakati wewe unasikiliza.