Wimbo Uliobaki Katika Ngozi

Mwaka 1910 watawa wa Mtakatifu Benedikto, kutoka monasteri ya Mtakatifu Andrea karibu na Brugge, Ubelgiji, walifika Katanga, iliko Shinkolobwe. Walikuja na wimbo wa Kanisa uitwao wa Kigregori. Je, wimbo huo wa kale ulihifadhiwaje?

Hapo kwanza haukuandikwa. Mtawa kijana aliupokea kinywani mwa mwalimu, akaushika moyoni. Katika karne ya 9 watawa wakaanza kutia alama ndogo juu ya maneno, kwa wino, katika ngozi ya mnyama. Kitabu kimoja cha namna hiyo, cha karibu mwaka 925, kingali katika maktaba ya Sankt Gallen, Uswisi. Lakini alama zile zilimkumbusha aliyekwisha kujifunza, asiyejua hazikumfundisha. Karibu mwaka 1025 mtawa Guido wa Arezzo alipanga alama juu ya mistari, hata mwanafunzi akaweza kuimba wimbo asiopata kuusikia.

Baadaye vitabu vingi vya kale vilikatwa, ngozi yake ikafanywa majalada ya vitabu vingine. Huko Shinkolobwe watu walivunja mwamba wakitafuta madini. Wataalamu nao hufungua majalada chakavu, wakapata pengine mstari mmoja tu wa wimbo. Watawa wa Solesmes, Ufaransa, walilinganisha maandiko mengi, na tangu mwaka 1889 wakayachapa kwa picha, ili wimbo usipotee tena.

Maswali
1. Kwa nini alama za kwanza hazikumtosha asiyejua wimbo?
2. Wazee wa kijiji wanajua nyimbo gani zisizoandikwa? Nani anazipokea kwao?