Ufunguo Uko kwa Nani? Somo Kuhusu Visanduku vya Funguo kwa Ajili ya Zimamoto

Tuchukue mfano wa ghala la mazao lililopo pembezoni mwa mji mdogo. Ni saa nane usiku. Jirani ameona moshi ukifuka chini ya paa, amepiga simu namba 114, na gari la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji limewasili. Askari wamekwisha kukunjua mipira ya maji. Mbele yao pana geti la chuma lenye makufuli mawili, na nyuma ya geti pana mlango wenye kufuli la tatu. Swali la kwanza wanalouliza si la maji wala la ngazi. Wanauliza: "Ufunguo uko kwa nani?" Mlinzi anajibu kwamba wa geti anao yeye, wa mlango anao mtunza ghala, na mtunza ghala amekwenda msibani kijiji cha pili, simu yake haipatikani.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini ni wachache miongoni mwetu watakaoshindwa kutaja jengo linalofanana nalo. Somo la toleo hili linahusu swali hilo moja. Limekusudiwa kwa wakuu wa shule, waganga wafawidhi, wenye maduka na maghala, viongozi wa nyumba za ibada, watendaji wa kata na vijiji, na kila aliyekabidhiwa funguo za jengo linalotumiwa na watu wengi.

Gharama ya mlango uliofungwa

Yamkini msomaji atasema: askari wa zimamoto wana mashoka, mitaimbo na mashine za kukatia chuma, basi na wavunje. Ni kweli kwamba wanaweza kuvunja, na palipo na uhai wa mtu hawatasita kufanya hivyo. Hata hivyo, kuvunja kuna gharama tatu.

Gharama ya kwanza ni muda. Moto ndani ya chumba hauendi kwa mwendo mmoja. Mwanzoni huunguza kitu kimoja, kama godoro au gunia. Kisha joto na gesi hujikusanya chini ya dari, na ikifika hatua fulani, vitu vyote chumbani hushika moto karibu kwa pamoja. Kutoka hatua ya kwanza hadi hiyo ya pili huweza kuwa dakika chache tu. Dakika zinazotumika kukata kufuli ni miongoni mwa hizo.

Gharama ya pili ni hewa. Moto hula hewa. Mlango uliovunjwa haufungiki tena, na hewa mpya inayoingia humpa adui chakula. Mlango uliofunguliwa kwa ufunguo waweza kurudishwa nyuma ya askari wanaoingia, wakabaki na uwezo wa kuamua ni lini hewa iingie na ipite wapi.

Gharama ya tatu ni mali. Si kila king'ora kinacholia huashiria moto mkubwa. Mara nyingine ni sufuria iliyosahauliwa jikoni au nyaya zilizotoa moshi zikazima zenyewe. Mlango ukishavunjwa kwa tukio dogo la namna hiyo, mmiliki hubaki na jengo lililo wazi usiku kucha, na hofu ya moto hugeuka kuwa hofu ya wizi.

Kisanduku cha ufunguo ni kitu gani?

Nchini Marekani tatizo hili limetafutiwa ufumbuzi wa kifaa kidogo. Ni kisanduku cha chuma kizito, chenye ukubwa wa kutosha kuweka funguo chache, kinachofungwa kwa nguvu ukutani karibu na mlango mkuu wa jengo. Kampuni ya Knox, iliyoanza kazi mwaka 1975, ndiyo iliyovuma zaidi kwa visanduku hivi, hata watu wengi nchini humo huviita vyote kwa jina la Knox.

Utaratibu wake ni huu. Mmiliki wa jengo hununua kisanduku na kukifunga mahali palipoidhinishwa na kikosi cha zimamoto cha eneo lake. Kisha huweka ndani funguo za mlango mkuu, chumba cha umeme, ngazi za dharura na sehemu nyingine muhimu, na kisanduku hufungwa mbele ya ofisa wa zimamoto. Tangu hapo mmiliki mwenyewe hawezi kukifungua. Ufunguo wa kukifungulia uko kwa kikosi cha zimamoto peke yake, na ufunguo huo mmoja hufungua visanduku vyote vya eneo la kikosi hicho. Usiku wa tukio, askari hafungi safari kumtafuta mtunza funguo: hufungua kisanduku, hutwaa ufunguo, huingia.

Katika Kanuni ya Kimataifa ya Moto, ambayo licha ya jina lake hutumika zaidi katika majimbo na miji ya Marekani, kifungu cha 506 humpa msimamizi wa kanuni mamlaka ya kumwagiza mmiliki aweke kisanduku pale ambapo kuingia katika jengo ni kugumu kwa sababu ya milango iliyofungwa. Kifungu hicho kinaongeza sharti ambalo msomaji alizingatie: kitasa kikibadilishwa, mmiliki hana budi kumjulisha msimamizi mara moja na kuleta ufunguo mpya uwekwe kisandukuni. Ufunguo wa kitasa kilichokwisha kuondolewa ni mbaya kuliko kutokuwa na ufunguo, kwa maana humpotezea askari muda akiwa na matumaini.

Nani atamlinda mlinzi?

Hapa panazuka swali la haki kabisa. Ikiwa ufunguo mmoja hufungua visanduku vya mji mzima, ukianguka mikononi mwa mwizi itakuwaje? Hatari hiyo ni ya kweli, na utaratibu wenyewe umelazimika kuikubali na kuijengea kinga.

Kinga ya kwanza imo katika kisanduku: chuma chake ni kinene, kufuli lake haliigiziki kwa fundi wa mtaani, na vingine huunganishwa na king'ora cha jengo ili kilie pindi mtu anapojaribu kukibandua. Kinga ya pili imo garini. Ufunguo mkuu hauachwi ukining'inia penye dirisha la dereva. Vikosi vingi huuhifadhi katika kishikizo maalumu ambacho huuachia baada ya askari kuingiza namba yake ya siri, na hutunza kumbukumbu ya nani aliuchukua na saa ngapi.

Funzo lililomo ni kwamba urahisi wa kuingia na usalama wa mali si mahasimu, ila kila urahisi unaotolewa lazima uambatane na kumbukumbu. Ufunguo usio na daftari hauna mwenyewe.

Taarifa nazo ni ufunguo

Uingereza imepanua fikra hii. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017, jengo la ghorofa la Grenfell Tower jijini London liliungua na watu 72 wakapoteza maisha. Baada ya uchunguzi wa mkasa huo, zilitungwa kanuni mpya za usalama wa moto kwa England, zilizoanza kutumika tarehe 23 Januari 2023. Miongoni mwa masharti yake, kila jengo la makazi lenye urefu wa mita 18 au zaidi, au ghorofa zisizopungua 7, liwe na sanduku salama la taarifa. Ndani yake huwekwa majina na mawasiliano ya wahusika wa jengo pamoja na ramani za kila ghorofa zilizochapwa kwenye karatasi.

Ni karatasi, si picha katika simu ya mtu aliye safarini. Askari anayeingia katika moshi mzito haoni mkono wake mwenyewe. Kujua kabla ya kuingia kwamba ngazi ziko kushoto, swichi kuu ya umeme iko nyuma ya jiko, na mitungi ya gesi iko chumba cha tatu, kwake ni sawa na kupewa macho.

Mpaka wa kisanduku: kuingia si kutoka

Ndugu msomaji, hapa naomba somo lisomwe polepole, kwa kuwa kosa la kuelewa vibaya hugharimu roho.

Kisanduku humsaidia aliye nje aingie. Hakimsaidii aliye ndani atoke. Pasitokee mkuu wa shule atakayesema kwamba sasa bweni laweza kufungwa kwa nje usiku kwa sababu ufunguo upo ukutani. Mtu anayelala ndani ya jengo hapaswi kuhitaji ufunguo ulio kwa mtu mwingine ili aokoke. Mlango wa dharura hufunguka kutoka ndani, kuelekea nje, bila ufunguo.

Historia ya ukanda wetu imeandika jambo hili kwa machozi. Mwaka 1994, bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Shauritanga, wilayani Rombo, mkoani Kilimanjaro, liliungua usiku na wanafunzi zaidi ya 40 wakafariki. Mwaka 2001, katika Shule ya Sekondari Kyanguli huko Machakos, Kenya, wavulana 67 walikufa katika bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na nondo. Mwaka 2009, moto wa bweni la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, uliondoa maisha ya wasichana 12. Kwa watoto wale, gari la zimamoto, hata lingefika na ufunguo mkononi, lisingeweza kuwa jibu la kwanza. Jibu la kwanza ni mlango ambao mtoto anaufungua mwenyewe.

Basi mpangilio ni huu: kwanza njia ya kutokea, pili njia ya kuingilia. Asiyekuwa na ya kwanza asianze na ya pili.

Tufanye nini hapa kwetu?

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa Jeshi mamlaka ya kukagua majengo na kutoa maelekezo ya usalama. Kwa hiyo, mmiliki anayetamani kuweka kisanduku asikimbilie dukani. Aanze kituoni. Kisanduku ambacho kikosi hakijui kwamba kipo ni chuma tu ukutani, na kisanduku cha bei nafuu chenye kufuli la namba, ambacho namba zake zinajulikana na kila kibarua aliyepita, ni mwaliko kwa mwizi.

Wakati huohuo, yapo mambo ambayo hayahitaji kifaa chochote kutoka ng'ambo:

1. Kila jengo la umma liwe na watunza funguo wawili, wanaoishi karibu, wasiosafiri kwa pamoja. Majina na namba zao ziandikwe katika kibanda cha mlinzi na kwa mtendaji wa eneo.

2. Funguo za akiba zitundikwe kwa mpangilio, kila mmoja ukiwa na kibandiko kinachosomeka: "Geti," "Chumba cha umeme," "Maabara," "Stoo." Shada la funguo ishirini zisizo na alama halimfai mtu gizani.

3. Mlinzi wa zamu awe na uwezo wa kufungua geti la magari yeye mwenyewe. Geti ambalo mlinzi wake hana ufunguo ni ukuta.

4. Ichorwe ramani ya jengo katika karatasi moja, ikionyesha milango, swichi kuu, mitungi ya gesi, tangi la maji na mahali wanapolala watu. Nakala moja ikae getini, nyingine ipelekwe kituo cha zimamoto.

5. Kila kitasa kinapobadilishwa, ufunguo wa zamani uondolewe siku hiyohiyo.

6. Nondo za madirisha ya vyumba vya kulala ziwekewe sehemu inayofunguka kutoka ndani.

Zoezi la somo

Kamati za shule, vituo vya afya na masoko zinaombwa kufanya zoezi hili kabla ya kikao chao kijacho. Mtu mmoja asimame getini usiku akiwa na saa, amwambie mlinzi: "Fungua mpaka chumba cha umeme." Ahesabu dakika. Kisha mwingine asimame ndani ya bweni au wodi, taa zikiwa zimezimwa, atoke nje bila kuomba msaada wa mtu yeyote. Naye ahesabiwe dakika. Hesabu zote mbili ziandikwe katika muhtasari wa kikao, pamoja na majibu ya maswali haya matatu: Ni mlango gani ulituchelewesha? Ni nani aliyekosekana? Ni nini tutakachokibadili kabla ya mwezi kwisha?

Zoezi hili halina gharama zaidi ya usiku mmoja wa usumbufu. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Nasi twaweza kuongeza kwamba tahadhari isiyopimwa kwa saa hubaki kuwa nia njema tu.

Piga 114 mara uonapo moto, taja kata, mtaa au kijiji, na alama iliyo karibu. Kisha mtume mtu mmoja akasimame barabarani kulielekeza gari, na mwingine akasimame getini. Huyo wa getini awe na ufunguo mkononi.