Tezi Ndogo Inayomkuza Mtoto na Kumpa Mama Maziwa



Mara nyingi tunasikia katika familia zetu: "Mama huyu hana maziwa." Siku ya pili tu baada ya kujifungua, mtoto anaanzishiwa maji ya glukosi au uji mwepesi. Wengine husema mama amerogwa. Kabla ya kusema hivyo, tujifunze jinsi Mwenyezi Mungu alivyoupanga mwili.

Tezi hii ni nini?

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Inaitwa pituitari. Hutoa homoni, yaani kemikali zinazosafiri katika damu zikipeleka ujumbe kwa viungo vingine. Leo tutazame tatu.

(a) Homoni ya ukuaji. Hutolewa zaidi mtoto anapokuwa katika usingizi mzito. Huchochea ini na ncha za mifupa, na mtoto hurefuka. Lakini fundi hajengi bila matofali: mtoto asiyepata chakula cha kutosha, au anayeugua mara kwa mara, hudumaa hata kama tezi yake ni nzima. Wachache hudumaa kwa sababu tezi yenyewe ina kasoro. Hao wana tiba ya sindano, ila ianze mapema, kabla mifupa haijakomaa.

(b) Prolaktini. Hii hutengeneza maziwa. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu hupeleka habari ubongoni, na tezi huitoa, hasa usiku. Mtoto aliyeshiba uji hanyonyi. Tezi haipati habari, na maziwa hupungua. Kumbe uji wa mapema ndio unaoyakausha!

(c) Oksitosini. Hii huyasukuma maziwa yatoke. Maumivu, hofu na ugomvi nyumbani huweza kuizuia. Pia hukaza mfuko wa uzazi na kupunguza damu. Ndiyo maana mtoto awekwe titini katika saa ya kwanza.

Je, maziwa kidogo ya siku za kwanza yanatosha?

Ndiyo. Dang'a, yale maziwa ya manjano, ni machache lakini yana kinga nyingi. Usiyakamue na kuyamwaga. Kwa kawaida maziwa hujaa kati ya siku ya 2 na ya 4.

Mama aliyetokwa damu nyingi

Wakati wa ujauzito tezi hii hukua na kuhitaji damu zaidi. Mama akitokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, tezi huweza kukosa damu na kuharibika. Daktari Harold Sheehan wa Uingereza aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937. Dalili zake ni hizi:

1. Maziwa hayatoki kabisa, au ni kidogo mno, ingawa mtoto ananyonya.
2. Hedhi hairudi kwa muda mrefu, hata baada ya kuacha kunyonyesha.
3. Nywele za kwapani na za sehemu za siri hupukutika.
4. Mama huchoka sana, huona baridi na kizunguzungu.

Dalili nyingine huweza kujitokeza baada ya miaka. Mama huyu hakurogwa. Apelekwe hospitali, na amweleze daktari kwamba alitokwa damu nyingi. Atapimwa damu na kupewa vidonge vya kurudisha homoni zinazokosekana. Asipotibiwa, ugonjwa mwingine mdogo tu unaweza kumuua.

Tufanye nini?

- Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kila anapotaka, usiku na mchana.
- Kama mtoto hakojoi vizuri, amelegea au haongezeki uzito, msingoje. Mwahisheni kituo cha afya siku hiyo hiyo.
- Msiache kliniki. Mtoto apimwe uzito na urefu.
- Akina baba, mpunguzieni mama kazi na maneno makali. Akina bibi, mtieni moyo.

Mama anayelaumiwa huona aibu na kuficha ugonjwa wake. Tumsikilize, tumsindikize hospitali, naye aishi awalee watoto wake.