Siki ya Mchele: Tusome Karatasi ya Chupa Kabla ya Kulipa



Somo letu la leo ni siki, ile ambayo wengi wetu hapa Kamembe tunaiita vinegre. Huenda mtu akauliza: siki inahusu nini na chama? Jibu ni fupi. Mshahara unaopatikana kwa jasho hauna budi kulindwa hata dukani.

1. Siki ni nini?
Wazee wetu wanajua kwamba urwagwa ukiachwa wazi siku nyingi huwa mkali. Vijidudu hugeuza kileo kuwa asidi. Hiyo ndiyo siki. Siki ya mchele nayo ni hivyo hivyo: mchele, kama ule unaolimwa bonde la Bugarama, huchachushwa kuwa pombe, kisha pombe hugeuka siki. Watu wa China na Japan wameitumia tangu kale.

2. Kuchagua
Chupa ni za aina mbili. Moja ni siki tupu. Nyingine imekwisha tiwa sukari na chumvi. Tusome karatasi ya chupa. Tukiona sukari na chumvi zimeandikwa, tujue tunalipia vitu hivyo kwa bei ya siki. Afadhali tununue siki tupu, tuchanganye wenyewe nyumbani: vijiko vikubwa 4 vya siki, vijiko vikubwa 2 vya sukari na kijiko kidogo 1 cha chumvi. Koroga mpaka viyeyuke. Mwenye ugonjwa wa sukari au shinikizo la damu apunguze.

Tahadhari: asidi kali ya viwandani, hata ikinuka kama siki, si chakula. Huunguza koo na tumbo. Asiichukue mtu yeyote kwenda nayo nyumbani.

3. Kutumia
Siki iliyotiwa sukari na chumvi yafaa kwa kachumbari, kabichi mbichi, wali, au sambaza wa kukaanga wa Ziwa Kivu. Ikiwa tumeitumia, tupunguze chumvi nyingine.

Lakini kuhifadhi mboga kwa miezi kunataka siki yenye asidi 5 kwa mia au zaidi. Siki nyingi za mchele hazifiki hapo. Urwagwa uliochacha nao tusiutumie kwa kazi hiyo, maana nguvu yake hatuijui. Mboga zikiharibika ndani ya chupa huweza kuua.

4. Kuweka
Tuweke siki katika chupa ya kioo, kifuniko kimekazwa, kivulini, mbali na jiko. Tusiiache ndani ya sufuria ya alumini, kwa kuwa asidi hula chuma hicho. Tusiitie katika chupa ya soda bila kuiandika jina, watoto wasije wakainywa. Utando laini ndani ya siki tupu si sumu; tuichuje. Lakini tukiona ukungu wenye manyoya, tumwage yote.

Maswali ya kujadili katika kikundi
1. Nyumbani kwako kuna siki ya aina gani? Karatasi yake inasema nini?
2. Kwa nini siki yenye asidi 4 kwa mia haifai kuhifadhi mboga?
3. Kazini kwenu, asidi na dawa za mashamba zimeandikwa majina yake? Kama sivyo, nani atalipeleka jambo hili kwa mjumbe wetu?