BASTOLA YA MAREHEMU: NI URITHI AU NI MZIGO?
Somo la Jumuiya Ndogo Ndogo

Mwezi huu tuweke kando mambo ya mbuzi wa maziwa na matangi ya maji. Tuna jambo ambalo watu hawalitaji hata kwenye baraza: silaha ndogo ya moto iliyobaki nyumbani baada ya mwenyewe kufariki.

Mama mmoja mjane alinijia wiki chache baada ya matanga. (Mambo madogo nimebadilisha ili asijulikane.) Alianza na karo, akaja kwa ng'ombe, akazunguka weee, halafu akashusha sauti: "Mwanangu, kile chuma cha mzee nitakipeleka wapi?" Mumewe alikuwa mfanyabiashara, na bastola aliipata kihalali, na karatasi zake. Sasa kijana mkubwa anasema ni yake kwa sababu yeye ndiye kifungua mimba. Wa pili anasema iuzwe, pesa zigawanywe. Mama mwenyewe ameifunga kwa kitambaa na kuificha chini ya magunia ya mbaazi. Nilipomuuliza nani mwingine anajua ilipo, akasema hakuna. Lakini siku nilipomtembelea, mjukuu wa miaka saba alinionyesha kwa kidole: "Kitu ya babu iko pale."

Tuelewe kwanza kosa linaanzia wapi. Kwetu Ukambani mzee akifa uta wake na podo la mishale vilibaki kwa wanawe, na hakuna aliyeuliza cheti. Kwa hiyo mtu huona bastola nayo ni hivyo hivyo. Kuna hata familia zenye rivolva za zamani za wakati wa wazungu. Upande wa Ulu na Konza kulikuwa na mashamba ya walowezi, na wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, walowezi wengi nchini walitembea na bastola kiunoni. Utasikia mtu akisema babu aliachiwa na mzungu wake alipokuwa akirudi Uingereza. Inaweza kuwa kweli, lakini mbele ya hakimu hadithi hiyo haikusaidii.

Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inasema hakuna mtu kukaa na silaha wala risasi bila cheti chake mwenyewe. Cheti ni cha mtu, si cha boma. Nacho hufanywa upya kila mwaka, kwa hiyo hata aliye hai akikaa tu, kinaisha. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye silaha wachunguzwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha. Karatasi ya marehemu iliyo kwenye sanduku haimlindi mjane. Hata barua ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu haimpi mtu ruhusa ya kushika bastola. Na adhabu ni kifungo cha miaka, si faini ya kulipa halafu urudi nyumbani. Kijana wa pili aliyetaka kuuza angeongeza kosa juu ya kosa. Tena risasi moja tu uliyoweka kama ukumbusho, hiyo pia ni kosa.

Je, mtoto anaweza kurithi kwa njia halali? Anaweza kuomba cheti kwa jina lake, na Bodi itamchunguza yeye kama yeye, nayo ina uwezo wa kukataa. Wakati akingoja, silaha isikae nyumbani.

Sasa hatari yenyewe. Wengi hudhani chuma kilichoshika kutu kimekufa. Risasi iliyokaa miaka mingi bado inaweza kulipuka. Rivolva ina kipande cha katikati kinachozunguka, chenye matundu ya risasi tano au sita, na nyingi hazina kifungio cha usalama cha kuzuia kidole; ukivuta kifyatulio, inazunguka na kupiga. Ile bastola ndogo bapa, ya kuingia mfukoni, ina ujanja mwingine: ukichomoa magazini ya risasi, moja inaweza kuwa imebaki ndani ya mtutu. Mtu anasema, "Haina kitu," na kumbe iko. Kwa sababu hiyo usijaribu kuitoa risasi wewe mwenyewe, na usimpe fundi wa baiskeli akuangalilie.

Udogo wake pia ndio ubaya wake. Mtu mwenye panga utamwona akija. Tom Mboya, ambaye alisoma katika misheni ya Kabaa huku kwetu Ukambani, aliuawa tarehe 5 Julai 1969 kwa risasi za bastola akitoka dukani mjini Nairobi, mchana, watu wakipita. Na katika boma lenye ugomvi wa shamba, au lenye kijana aliyekata tamaa, kitu kama hicho hakingoji hasira ipoe. Nimekaa na familia nyingi usiku wa ugomvi. Mara nyingi kulipokucha watu walisameheana, kwa sababu kilichokuwa mkononi kilikuwa fimbo.

Mama yetu hakuwa mkaidi. Aliogopa kwamba akienda kituoni, yeye ndiye atakayewekwa ndani. Hofu hiyo siidharau. Nilimshauri hivi, na nawashauri nyinyi pia: usiibebe kwenye matatu au bodaboda, maana ukikamatwa njiani nani ataamini ulikuwa ukiipeleka polisi? Usiitupe chooni wala mtoni. Iache ilipo, watoto wakae mbali, na siku hiyo hiyo nenda na mtu unayemwamini, kama chifu au wakili, hadi kwa mkuu wa kituo, na uombe polisi waje kuichukua. Beba cheti cha kifo na karatasi za silaha kama zipo. Hakikisha imeandikwa kwenye kitabu cha matukio, upewe namba ya OB, na uiweke namba hiyo pamoja na hati za shamba. Tulienda watu watatu. Aliulizwa maswali mengi, akarudi nyumbani jioni ile ile. Kijana mkubwa alinuna karibu mwezi mzima.

Kwa majadiliano mkisha kusoma Isaya 2:4: Ni kitu gani cha baba kinafaa kumkumbusha mtoto juu yake? Mjane akiwa na siri ya namna hii, katika jumuiya yetu angemwambia nani? Viongozi, tafadhali msiulize mbele ya watu nani ana silaha. Mwenye neno lake aje ofisini, mlango nitaufunga.