Bastola iko kabatini, mwenyewe halali usiku: haki zako ni zipi?

Mke anayelala chumba kimoja na bastola ya mumewe, awe Segerea, Kinyerezi au Mbagala, ana haki ambayo wengi hawajawahi kuambiwa: anaweza kwenda polisi kueleza wasiwasi wake kabla hajapigwa, kabla hajatishiwa mbele ya shahidi na kabla risasi haijatoka. Hahitaji ruhusa ya mume, ya wakwe wala ya kikao cha ukoo. Mtoto mkubwa wa nyumba hiyo anayo haki hiyohiyo, na jirani wa ukuta mmoja pia anayo.

Naanza na hilo kwa sababu habari za mauaji ya bunduki huanza kusimuliwa kwenye mlio wa risasi, wakati mambo yalianza wiki au miezi kabla. Jumapili ya Oktoba 13, 2013, hapa Dar es Salaam, Kibamba, mwandishi wa habari wa televisheni alijeruhiwa kwa risasi na mwenzi wake. Mama yake mzazi aliuawa, na aliyefyatua akajiua. Mei 2022 ikawa zamu ya Buswelu, Mwanza: mume akamuua mkewe kwa bastola, na mwili wa mume huyo ukapatikana baadaye Ziwa Victoria. Jirani zetu wa Kenya, Desemba 7, 2021, walishuhudia askari polisi wa Kabete, Nairobi, akimuua mkewe, akaingia mtaani na kuua watu wengine watano, kisha akajiua. Hakuna jambazi katika habari hizo tatu. Kila moja ilianzia kwa watu wanaofahamiana.

Tukio la Daraja la Salender la Agosti 25, 2021 nalitaja kando, maana polisi walilieleza kuwa la kigaidi, nami sitalichanganya na ugonjwa wa mtu yeyote. Askari watatu na mlinzi wa kampuni binafsi waliuawa siku ile. Linatuhusu kwa jambo moja: muuaji aliokota bunduki za askari aliowapiga na kuendelea nazo. Silaha ikishatoka kwenye mkono uliokabidhiwa, haichagui.

Sasa tuje kwenye sheria. Bunduki na bastola za raia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Anayeijua njia ya kupata leseni anajua kuwa inaanzia mtaani: serikali ya mtaa, kata, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, hadi kwa Msajili wa Silaha. Kwa nini ianzie mtaani? Kwa sababu mtaa ndio unaomjua mtu. Mwenyekiti anajua nani akinywa hugombana na nani hulala nje akirudi usiku. Kosa letu ni kudhani kazi ya mtaa inaisha siku ule mhuri ulipogongwa. Leseni ya silaha si hati ya kiwanja. Ni ruhusa, na ruhusa hutolewa kwa mtu mwenye akili timamu na mwenendo mwema. Hali ikibadilika, waliotoa wana mamlaka ya kuitazama upya na kuifuta. Mwaka 2016 serikali iliwataka wamiliki wa silaha wazipeleke kuhakikiwa, na zoezi lile lilituonyesha kwamba jambo hili linawezekana pale linapotakiwa.

Basi unakwenda wapi? Anza na aliye karibu: mjumbe wako, mwenyekiti wa serikali ya mtaa au Polisi Kata. Ukiona aibu kuanzia mtaani, nenda moja kwa moja kituoni na uombe Dawati la Jinsia na Watoto. Usiseme tu kwamba "mume wangu ana stress". Eleza ulichokiona na kukisikia, kwa siku na saa: kwamba hajalala tangu Jumatatu, kwamba Jumatano usiku aliitoa bastola akaiweka mezani watoto wakiwapo, kwamba alisema "nitaanza na ninyi nimalizie na mimi". Sema silaha inakaa wapi na funguo anazo nani. Hakikisha maelezo yako yameandikwa na umepewa namba ya RB. Ofisa akikujibu kuwa hayo ni mambo ya ndani, mkayamalize nyumbani, una haki ya kumwona mkuu wa kituo, na akikwama yeye, mkuu wa polisi wa wilaya. Kumtishia mtu vurugu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu hata kama hujaguswa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi kuwa mume hana haki ya kumwadhibu mkewe kwa kipigo, wala mke mumewe.

Kuna njia nyingine isiyotumika inavyostahili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu uwezo wa kumwita mtu anayeelekea kuvunja amani na kumtaka aweke ahadi, kwa dhamana, ya kutunza amani kwa muda maalumu. Hapo hakuna aliyehukumiwa kwa kosa. Familia inayoogopa kumfunga baba yao ingefaidika sana na njia hii, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanaweza kuwaandalia maombi bila malipo.

Mwenye silaha naye ana haki zake, na nataka azijue. Akijiona hayuko sawa, anaweza kuipeleka mwenyewe polisi ikahifadhiwa mpaka apone. Kufanya hivyo ni uungwana na hakuna sheria inayomwadhibu kwa hilo. Polisi wakija kuichukua, adai hati ya ukamataji inayotaja aina ya silaha, namba yake na idadi ya risasi, iliyotiwa saini mbele ya shahidi. Leseni ikifutwa, Ibara ya 13(6) ya Katiba inamlinda: asikilizwe kwa ukamilifu, na aweze kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Nimeona wanaume wengi wakiamini kuwa kuisalimisha silaha ni kukubali kwamba wamekuwa vichaa. Si kweli, na imani hiyo inaua.

Na hapa lazima niseme jambo la haki kwa wagonjwa wa akili. Walio wengi hawajawahi kumdhuru mtu, na hupigwa na kuonewa zaidi kuliko wanavyopiga wengine. Kinachotakiwa kukushtua ni mambo kukusanyika: vitisho, wivu uliopitiliza, pombe, madeni ya mikopo ya "kausha damu", kuachwa au kufukuzwa kazi, kugawa vitu vyake kama anayeaga, na silaha iko jirani. Mtu wa hivyo apelekwe hospitali. Wa Segerea wana Amana, wa Temeke na Kinondoni wana hospitali zao za rufaa za mkoa, na Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kulazwa kwa hiari yake. Akikataa na hali yake ni ya hatari kwake au kwa wengine, inaweka utaratibu wa kumlaza bila ridhaa yake, ndugu wakiomba, chini ya usimamizi wa daktari na mahakama. Kumfunga kamba nyumbani au kumficha kwenye chumba cha uani si sehemu ya utaratibu huo.

Familia nyingi hunyamaza kwa sababu zimesikia kuwa kujaribu kujiua ni jinai. Ni kweli, Kanuni ya Adhabu yetu bado ina kosa hilo. Lakini soma vizuri: kosa ni kujaribu. Mtu anayemwambia daktari "natamani kufa" hajatenda kosa lolote, na ndugu anayemsindikiza hajamchongea. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Bunge letu lingefanya vyema kukiondoa cha kwetu, maana kinawazuia watu kusema mapema, wakati kusema bado kungeokoa.

Utunzaji wenyewe wa silaha ni kazi ya mikono. Mwenye leseni anawajibika kuiweka silaha mahali ambapo mwingine hawezi kuifikia. Chini ya mto, juu ya kabati na kwenye droo ya gari si mahali. Fanya hivi: toa magazini kwanza, kisha vuta slaidi uangalie chemba kwa macho na kwa kidole, maana risasi moja hubaki humo hata magazini ikitolewa, na ndiyo imeua watoto wengi. Elekeza mdomo wa bastola pasipo na mtu muda wote huo. Weka silaha kwenye sefu iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, risasi kwenye kisanduku kingine chenye kufuli lake. Funguo zikae na mwenye leseni peke yake. Zikilala kwenye kopo la sukari, watoto wanajua. Usimwazime shemeji silaha kwa safari moja, na ikiibiwa ripoti siku hiyohiyo. Wanaokaa Ukonga hawajasahau usiku wa Julai 12, 2015, Kituo cha Polisi Stakishari kilipovamiwa, watu saba wakauawa, wanne kati yao askari, na bunduki zikaporwa. Kama majambazi walithubutu kuzifuata silaha kituoni, yako iliyo sebuleni wataifuata bila wasiwasi.

Walinzi wa makampuni, nanyi ni wengi katika mitaa hii: bunduki ni ya mwajiri, na zamu ikiisha inarudi ghalani. Mwajiri asikulazimishe kulala nayo nyumbani. Ukiwa umefiwa au huna usingizi, una haki ya kuomba zamu isiyo na silaha.

Linalowapata wajane linaniuma. Mzee anafariki, msiba unaisha, na miezi baadaye mama anaikuta bunduki kwenye sanduku la nguo. Anaogopa, anaifukia uani au anampa kijana wake "aitunze". Silaha hairithiwi kama shamba. Leseni ilikuwa ya marehemu, na kuanzia hapo aliyeishika anaweza kushtakiwa kwa kumiliki bila leseni, kosa ambalo sasa linasomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi na adhabu yake ni kifungo cha miaka 20 hadi 30. Mama, usiibebe kwenye mkoba upande nayo daladala. Iache ilipo, funga chumba, mwite Polisi Kata aje na mjumbe kama shahidi, mwonyeshe cheti cha kifo na leseni ya marehemu, upewe hati ya makabidhiano. Kijana akitaka kumiliki silaha, aombe leseni yake mwenyewe tangu mwanzo.

Na kama hali imeshachafuka usiku huu, silaha ikiwa mkononi mwake, usijaribu kumnyang'anya wala kumjibu. Toka na watoto hata bila viatu, ingia kwa jirani, piga 112, na neno la kwanza utakalowaambia polisi liwe kwamba ana silaha.